PhD ya usimamizi wa maafa: niliyojifunza tangu kuomba nafasi hadi kutetea tasnifu

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikiulizwa faraghani swali lile lile kwa maneno tofauti. Mtu ana shahada ya uzamili, amefanya kazi ya uokoaji, afya ya dharura au ugawaji wa misaada kwa miaka kadhaa, sasa anafikiria uzamivu katika usimamizi wa majanga na maafa. Aende au asiende? Naona bora nijibu hapa mbele ya wote. Mimi nilitokea kwenye maghala ya misaada, nikasoma huku naendelea na kazi, na safari ikanichukua miaka sita na nusu. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Nianze na mchungaji mmoja. Tarehe 6 Desemba 1917 meli mbili ziligongana katika bandari ya Halifax, Kanada. Moja, Mont-Blanc, ilikuwa imesheheni vilipuzi vya vita. Ilishika moto, kisha ikalipuka na kuufyeka upande mzima wa mji. Karibu watu 2,000 walikufa na wapatao 9,000 walijeruhiwa. Samuel Henry Prince alikuwa mchungaji wa Kianglikana katika mji huo na aliyaona yote kwa macho yake. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1920 tasnifu yake ya uzamivu kuhusu mlipuko ule ikachapishwa. Wanataaluma wengi wanaihesabu kuwa utafiti wa kwanza wa sayansi ya jamii kuhusu maafa.

Angalieni alichokifanya. Angeweza kuandika jinsi ya kupanga hospitali za muda au kugawa mablanketi, maana mambo hayo yalikuwa yamemzunguka. Yeye akauliza: mji ukishavunjwa namna hii, unabadilika kweli, na ni nini hasa kinachoubadilisha? Swali hilo halikuweza kujibiwa na mtu aliye zamu usiku ule. Lilihitaji mtu aketi, asome, arudi kwa watu, alinganishe.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1942, mwanajiografia Gilbert White alimaliza tasnifu yake Chuo Kikuu cha Chicago. Naye alitoka kazini. Alikuwa ametumika serikalini Washington kwenye mipango ya maji. Aliona Marekani inajenga mabwawa na matuta ya kuzuia mito, na bado hasara za mafuriko haziishi. Akaonyesha kuwa tuta likishajengwa watu hujiona salama, hujenga karibu zaidi na mto, na siku maji yakizidi kimo cha tuta hasara inakuwa kubwa kuliko ya awali. Neno lake linalokumbukwa ni kwamba mafuriko ni kazi ya Mungu, lakini hasara za mafuriko kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanadamu. Nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimepeleka misaada kijiji kile kile mara tatu na sikuwahi kuuliza kwa nini kipo pale.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nenda ukiwa na jambo linalokunyima usingizi ambalo kazi yako haiwezi kulijibu. Kama unachotaka ni kuongoza vikosi vizuri zaidi, kuna mafunzo ya uongozi wa matukio, ya usafirishaji wa misaada, ya afya ya dharura, na yatakusaidia upesi kuliko uzamivu. PhD itakuweka mezani. Utasoma, utahoji watu, utaainisha majibu, utaandika sura moja mara saba. Niliona wenzangu wawili, watu hodari sana wakiwa kazini, wakiacha mwaka wa pili kwa sababu walidhani wanakuja kujifunza kuokoa.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Mchangiaji wa 2

Shukrani mkuu. Mimi ni muuguzi, sina msingi wa jiografia wala sosholojia. Nitapokelewa kweli? Na tofauti ya PhD na ile shahada ya udaktari ya wanataaluma walio kazini ni ipi?

Mwanzisha uzi

Utapokelewa, dada au kaka. Fani hii haijawahi kuwa na mlango mmoja. Utakutana na wahandisi, wauguzi, wanasheria, wanajiografia, wanajeshi wastaafu. Uuguzi unakupa hata kitu ambacho wengi wetu hatuna: unajua hospitali inavyofanya kazi wakati umeme umekatika na wagonjwa wamejaa korido.

Udaktari wa kitaaluma huanzia kwenye tatizo la kazini kwako na kuishia kwenye pendekezo linaloweza kutumika. Masomo ya darasani huwa mengi na tasnifu huwa fupi kidogo. PhD inadai mchango mpya wa kinadharia. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, PhD ni salama zaidi. Ukitaka kubaki kwenye uongozi wa hospitali au idara ya dharura, hiyo nyingine si ndogo hata kidogo, mradi chuo kina ithibati. Hakikisha ithibati kwenye mamlaka ya elimu ya juu yenyewe, usitegemee tangazo la chuo. Fani yetu imevutia wauzaji wa vyeti wanaokuambia uzoefu wako wa kazi unatosha kupewa udaktari kwa miezi michache. Kimbia.

Muda nao: vyuo vingi vya Ulaya hupanga miaka mitatu au minne, unaingia moja kwa moja kwenye utafiti. Marekani huanza na miaka ya darasani na mitihani mikubwa kabla ya tasnifu, kwa hiyo hesabu mitano au zaidi. Ukisoma huku unafanya kazi, ongeza mingine.

Lakini kinachoamua zaidi ni msimamizi. Niliingia kwa jina la chuo. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa bingwa wa modeli za kompyuta za mafuriko, mtu mwema na msomi wa kweli. Mimi nilitaka kujua kwa nini watu wanaopata tahadhari hawaondoki. Kila nilipompelekea sura ya watu, aliirudisha akiomba kina cha maji. Ilipita miezi kumi na minne kabla hatujakubaliana kwamba tunazungumza lugha mbili. Kubadilisha msimamizi kulinirudisha nyuma mwaka mzima, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu: sikuwa nimesoma hata makala zake tano. Kabla hujaomba nafasi, soma alichoandika miaka ya karibuni, kisha waandikie wanafunzi wake wa sasa na uwaulize anarudisha sura baada ya muda gani. Swali hilo moja litakuambia mengi.

Mchangiaji wa 3

Mkuu, nina mada tayari: "Mikakati ya usimamizi wa maafa katika nchi zinazoendelea". Naomba maoni.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nakuambia kwa moyo mweupe, hiyo ni maktaba nzima. Nchi ni zaidi ya mia, maafa ni ya kila aina, na mikakati ipo ya serikali, ya mashirika, ya wananchi. Hakuna msimamizi atakayejua akufae kwa lipi.

Punguza mpaka ubaki na kitu kinachoshangaza. Mfano mmoja. Januari 2010 tetemeko la kipimo cha 7.0 liliipiga Haiti. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na la 8.8, lililoachilia nishati takriban mara 500 zaidi. Chile walikufa watu mia tano na kitu. Haiti, hata ukichukua makadirio ya chini kabisa, walikufa makumi ya maelfu. Kitovu na kina vilichangia, ndiyo, maana la Haiti lilikuwa karibu kabisa na mji mkuu. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zinazofuatwa, zilizotokana na matetemeko ya nyuma. Sasa hapo kuna swali: kanuni ya ujenzi inageukaje kutoka maandishi kuwa nguzo iliyosimama? Nani anakagua, nani anamwogopa mkaguzi, nani anamlipa? Hilo mtu mmoja anaweza kulifuatilia kwa miaka minne katika mji mmoja.

Mfano wa pili uko karibu na nilichofanya mimi. Kimbunga cha Bhola cha mwaka 1970, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, kiliua watu wasiopungua 300,000. Kile cha 1991 kiliua karibu 140,000. Sidr cha 2007, kilichokuwa kikali sana, kiliua zaidi ya 3,000. Katikati hapo palikuwa na kazi ya miongo: mtandao wa wajitoleaji wanaopita na vipaza sauti, majengo ya kujihifadhi, tahadhari za mapema. Namba hizi hunitia moyo kila nikizitazama. Hata hivyo wale 3,000 nao walikuwa watu, na wengi tahadhari iliwafikia. Kwa nini walibaki?

Mahali nilipofanyia utafiti, majibu hayakuwa ya ujinga hata mara moja. Mama mmoja alikuwa na mkwe asiyeweza kutembea na hakuna aliyejitolea kumbeba. Mwingine alisema jengo la kujihifadhi lina choo kimoja na mlango haufungi, na ana binti watatu. Wengine walikuwa wameondoka mara mbili mwaka uliotangulia, maji hayakuja, na nyumba zikaibiwa. Ofisini tulikuwa tukiwaita wakaidi. Nimeona aibu ya neno hilo tangu siku hiyo.

Mchangiaji wa 4

Uzi mzuri, lakini umeegemea upande mmoja. Mwanzoni ulitaja majanga na maafa, nawe unazungumzia mito na matetemeko. Mimi nimemaliza uzamivu upande wa majanga ya taasisi, niruhusu niongeze.

Kwetu, janga ni hali ambayo tishio ni kubwa, muda ni mfupi na habari hazitoshi, na bado kuna mtu lazima aamue. Linaweza kuwa ugonjwa, moto kiwandani, hata kuanguka kwa benki. Sisi tunasoma zaidi uamuzi, mamlaka, lawama, na jinsi taasisi zinavyojidanganya.

Anayetaka kuuonja upande huu aanze na Aberfan, Wales. Tarehe 21 Oktoba 1966 rundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka kutoka mlimani likafunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Watu walikuwa wamelalamikia rundo lile miaka kadhaa kabla. Barry Turner, mwanasosholojia wa Uingereza, aliisoma ripoti ya uchunguzi pamoja na za ajali nyingine, na mwaka 1978 akatoa hoja kwamba maafa ya namna hii huwa na kipindi cha kuatamiwa: dalili zinajikusanya, kila mtu anashika kipande chake, na hakuna anayeviunganisha. Diane Vaughan, mwanasosholojia wa Marekani, naye alichunguza chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilicholipuka Januari 1986 na kuua wanaanga saba. Alionyesha namna kasoro ya mipira ya kuziba viungo ilivyozoeleka hatua kwa hatua hadi ikaonekana ni jambo la kawaida, na walioizoea walikuwa watu makini waliofuata taratibu.

Faida ya upande huu kwa mwanafunzi ni kwamba ripoti za tume za uchunguzi ziko wazi, kurasa kwa kurasa, na huhitaji kumgusa manusura hata mmoja. Nilifanya tasnifu yangu yote kutokana na kumbukumbu za maandishi na mahojiano na maofisa 31.

Mwanzisha uzi

Nakubali bila kinyongo, mkuu, na asante kwa neno "kuatamiwa". Linanifaa hata upande wangu, kwa sababu mwaka 1976 watafiti O'Keefe, Westgate na Wisner waliandika katika jarida la Nature wakitaka tuache kuyaita maafa kuwa ya asili. Tetemeko ni la asili. Wepesi wa watu kudhurika unajengwa na watu. Pande zetu mbili zimekaa mbalimbali mno vyuoni, na mwanafunzi anayeweza kusoma pande zote mbili ana shamba lisilolimwa.

Mchangiaji wa 5

Mimi ni mtu wa takwimu. Nimepanga kutumia EM-DAT, ile hifadhidata ya kimataifa ya maafa, kwa nchi zote, miaka 50. Kuna tatizo?

Mwanzisha uzi

Itumie, lakini ijue kwanza. Tukio huingia humo likitimiza angalau kigezo kimoja: vifo 10 au zaidi, watu 100 au zaidi walioathirika, hali ya hatari kutangazwa, au nchi kuomba msaada wa kimataifa. Maana yake maporomoko yanayoua watu wanne kila msimu hayaonekani, ingawa kwa miaka kumi yanaweza kuumiza wilaya kuliko tufani moja kubwa. Ndiyo sababu watafiti wa Amerika ya Kilatini walianzisha hifadhidata ya DesInventar katika miaka ya 1990, ili matukio madogo nayo yaandikwe.

Tena, EM-DAT ilianza 1988. Miaka ya kabla ya hapo ilijazwa baadaye. Ukichora mstari unaopanda tangu 1970 na kusema maafa yameongezeka kwa kiasi hicho, mtahini atakuuliza ni matukio yaliyoongezeka au ni uandikaji. Uwe na jibu kabla hujaingia chumbani.

Na kumbuka vifo vya joto. Chicago, Julai 1995, joto liliua zaidi ya watu 700 kwa siku chache. Hakuna nyumba iliyoanguka wala picha ya kutisha. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao. Mahali ambapo cheti cha kifo kinaandika "moyo" na hakuna anayelinganisha idadi ya vifo na wiki ya kawaida, maafa kama hayo hayaingii kwenye jedwali lolote.

Mchangiaji wa 6

Naomba uzungumzie kuhoji manusura. Hilo ndilo linanitia hofu.

Mwanzisha uzi

Hofu hiyo ni nzuri, baki nayo.

Kuna habari zinazopotea haraka. Alama ya maji ukutani hupakwa rangi, ujumbe wa simu hufutwa, watu huanza kusimulia hadithi moja. Ndiyo maana kituo cha utafiti wa maafa kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1963, ambacho sasa kiko Chuo Kikuu cha Delaware, kilijijengea desturi ya kutuma watafiti mara tu baada ya tukio. Tunajua kwa sababu yao kwamba watu kwenye hatari mara nyingi hawapagawi kama filamu zinavyoonyesha. Husaidiana, na wa kwanza kuokoa huwa jirani. Bila kwenda mapema tusingelijua hilo.

Lakini mmoja wa niliowahoji alinipokea na kuniambia mimi ni timu ya nne. Wa kwanza walimpiga picha, wa pili walijaza hojaji, wa tatu waliahidi kurudi. Hakuna aliyerudi. Nilifunga daftari langu, tukanywa maji, nikaondoka bila mahojiano. Mwaka 2019 watafiti wa maafa JC Gaillard na Lori Peek waliandika katika Nature wakitaka kuwe na kanuni za maadili kwa utafiti wa maeneo ya maafa: utafiti uwe na sababu ya kweli, uheshimu vipaumbele vya watu wa hapo, na watafiti wa hapo wauongoze au washirikishwe kwa haki. Naungana nao kabisa. Kama swali lako linaweza kujibiwa na kumbukumbu zilizopo, usimwamshe mtu usingizini.

Mengine kwa ufupi. Kibali cha maadili kinaweza kuchukua miezi, kwa hiyo omba mapema, hata kabla ya tukio, kwa mpango unaoeleza utafanya nini likitokea. Mhojiwa awe na haki ya kusimama katikati na kuondoka. Jua kabla ya mahojiano utampeleka kwa nani akizidiwa. Nawe jilinde: nilikuwa nikisikiliza rekodi usiku, peke yangu, nikiandika neno kwa neno, hadi nikaanza kuota maji. Nilihamishia kazi hiyo asubuhi na nikawa simalizi rekodi mbili kwa siku. Nilichelewa kumwambia msimamizi. Ninyi msichelewe.

Mchangiaji wa 7

Na ajira? Nina familia, siwezi kusoma miaka mitano kwa ajili ya heshima tu.

Mwanzisha uzi

Nafasi nyingi za kwenye maeneo ya maafa, za uratibu na usafirishaji, hazidai PhD, na kuna waajiri watakaoona umekaa nje ya kazi muda mrefu. Inapofungua milango ni vyuoni, kwenye vituo vya utafiti, vitengo vya tathmini na sera vya mashirika ya kimataifa, kampuni za bima, na idara za serikali zinazotakiwa kuandaa mikakati ya kupunguza hatari chini ya Mpango wa Sendai wa 2015 hadi 2030, yaani makubaliano ya kimataifa ya kupunguza hatari za maafa. Usiingie bila ufadhili au mwajiri aliyekubali kwa maandishi kukupa muda. Maneno ya mdomo husahaulika bosi akibadilika. Kwangu alibadilika mara mbili.

Mchangiaji wa 3

Mkuu, nimerudi. Nimekaa na ushauri wako siku nne. Mada mpya: "Kwa nini wasimamizi wa shule zilizoteuliwa kuwa vituo vya kujihifadhi huchelewa kufungua milango baada ya tahadhari ya mafuriko kutolewa". Nilifanya kazi kwenye vituo hivyo. Mara mbili nilikuta watu nje kwenye mvua na ufunguo hauna mwenyewe.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hapo nimesimama kwenye kiti.

Badilisha neno moja. "Huchelewa" linawahukumu kabla hujawasikia. Andika "nani huamua kufungua, na kwa taarifa ipi". Huenda ukakuta mwalimu mkuu anasubiri barua, na anayepaswa kuiandika anasubiri simu. Hapo utahitaji vitabu vya mchangiaji wa 4 kuliko vyangu. Chagua shule sita hadi nane katika bonde moja, zilizofunguliwa mapema na zilizochelewa, ulinganishe. Tafuta daftari za zamu na kumbukumbu za simu kabla ya kuhoji mtu yeyote.

Andika kurasa mbili: ulichokiona mlangoni, swali, mahali, utakavyolijibu. Usiweke sifa zako. Nitumie Jumapili nizisome, kisha tutafute pamoja msimamizi anayejua jinsi maamuzi yanavyofanyika ndani ya taasisi.